Papa Cyprien, Aliyesema Hapana Kisha Akaja Kutuona

Papa Cyprien Lofemba anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na minne na miezi miwili kwenye dirisha namba mbili la Mutuelle Tubebane, chama chetu cha kuchangiana matibabu, hapa katika komini ya Kisangani. Dirisha namba moja ni la kulipa mchango wa mwaka, na hakuna anayelipenda. Dirisha namba mbili ni la kuomba bon, karatasi ya kuruhusiwa kutibiwa hospitalini, na kwa miaka mingi lilichukiwa kuliko la kwanza.

Kamati iliomba kikundi chetu cha kusoma kiandike ukurasa huu wa programu ya sherehe ya kumuaga. Mwenyekiti, Papa Désiré, alieleza sababu bila kuficha. Wafanyakazi wote wa ofisi wameshanyimwa bon na Papa Cyprien angalau mara moja, hata yeye mwenyekiti kwa ajili ya mgongo wake, kwa hiyo hakuna mtu mzima anayeweza kuandika habari zake bila kulipiza kisasi kidogo. Mimi pia nimo katika daftari lake. Ni daftari la tisa, ukurasa wa 61, na nitafika hapo.

Papa Cyprien alizaliwa Yanonge mwaka 1960, katika familia ya wavuvi. Mwenyewe anakiri kwamba samaki walimjua mapema na wakamdharau. Akasomea uuguzi, akafanya kazi miaka kumi na mitano katika vituo vya afya vya kandokando ya mto, mahali ambapo dawa zilifika na boti, siku boti ilipofika. Huko alijifunza kumtazama mgonjwa kwa muda mrefu kabla ya kufungua kabati. Husema kwamba dawa zikiwa chache, macho yanakuwa mengi.

Mutuelle ilikuwa na umri wa miaka miwili tu alipoitwa. Familia mia moja na arobaini, za walimu, wauza soko na watu wa mto, zilikuwa zimekubaliana kuchanga kila mwaka ili yeyote akiugua, sanduku la pamoja lilipe sehemu kubwa ya matibabu. Lilikuwa wazo zuri, na lilitaka kufa kwa sababu ya uzuri wake. Mtu akiumwa kichwa alikwenda moja kwa moja hospitalini na kuomba atundikiwe serumu, kwa maana imeshalipwa. Kikohozi cha siku mbili kilipigwa picha ya kifua. Mwezi wa tisa sanduku likawa tupu. Mwezi wa kumi, mama mmoja wa Lubunga alishindwa kujifungua na akahitaji kupasuliwa. Kadi yake ilikuwa halali, michango yake kamili, lakini ofisi haikuwa na kitu. Wanawake wa kwaya yake walipita nyumba kwa nyumba asubuhi nzima, na kwa neema ya Mungu mama na mtoto wakapona. Kesho yake kamati ilikaa bila mtu kuweza kumtazama mwenzake usoni. Ndipo walipomtafuta muuguzi anayejua kukataa.

Alianza Aprili 2001 na sheria ambazo sasa tunaziona za kawaida. Mgonjwa aanze kwenye kituo cha afya cha mtaa wake. Hospitalini aende na bon iliyotoka dirisha namba mbili, isipokuwa ni jambo la dharura. Dawa ya bei nafuu inayotibu sawasawa itangulie ile yenye boksi la kupendeza. Watu walikasirika. Kwa sababu katika Lingala neno la kukataa ni "te", na neno hilo lilisikika dirishani tangu saa mbili asubuhi, jiji likampa jina ambalo bado analo: Papa Te.

Malalamiko yalikuwa yale yale kila siku. "Nililipa mwaka muzima bila kuugua. Leo nimeugua mara moja tu, unakatala. Sasa nilikuwa nalipa juu ya nini?" Naye alijibu vile vile kila siku, bila kuinua sauti: "Ulikuwa unalipa juu ya ule mama ya Lubunga. Siku moja yeye atalipa juu yako."

Kila aliyefika dirishani aliulizwa maswali matatu. Tangu lini? Umekula nini leo? Nani amekuona? Swali la pili liliwashangaza wengi, lakini Papa Cyprien anasema mtu anayesimulia lituma, zile ndizi za kupondwa, aliyokula asubuhi, na samaki, na jinsi pilipili ilivyozidi, ameshajibu maswali yote. Baada ya hapo alitoa bon, au alisema hapana na kumrudisha mgonjwa kwenye kituo chake akiwa na karatasi yenye maelezo.

Kama angeishia hapo, tungekuwa tunaandika habari za mlinzi wa mlango. Lakini Papa Cyprien aliogopa jambo moja, na hakulificha: kwamba hapana yake moja ingekuja kumzika mtu. Kwa hiyo kila aliyemkatalia aliandikwa katika daftari, jina, mtaa, alichoomba na sababu ya kunyimwa. Jumamosi, wakati wenzake wako nyumbani, alipanda baiskeli yake na kuwatembelea mmoja mmoja. Aliangalia macho, alihesabu pumzi, aliuliza tena yale maswali matatu. Aliyemkuta mzima alimwekea alama ya vema pembeni. Aliyemkuta bado anaumwa alimwandikia bon pale pale. Alifika Mangobo, Tshopo, Kabondo, na kwa ajili ya Lubunga baiskeli ilivuka mto ndani ya mtumbwi. Hakuna aliyemwagiza. Hakulipwa hata mafuta ya mnyororo.

Ziara hizo zina visa vyake. Mama Georgette, anayeuza makayabu sokoni, alikuja mwaka 2006 akidai serumu kwa sababu ya uchovu. Papa Cyprien akampa dawa ya kumeza na ushauri wa kulala mapema. Mama Georgette aliigeukia foleni nzima na kusema, "Hata mbuzi banapewaka dawa ya kumeza. Miye minataka serumu." Foleni ilicheka, lakini ilikuwa upande wake. Jumamosi Papa Cyprien akamkuta sokoni, mfuko mzima wa samaki wa chumvi kichwani, akigombana na mteja kwa nguvu zote. Alipoiona baiskeli, aliutua mfuko, akainama nyuma ya meza, na sauti nyembamba ikatoka chini: "Georgette hayuko. Alilazwa." Katika daftari la nne nimesoma hivi: "Amelazwa nyuma ya mfuko wa makayabu. Mzima." Pembeni kuna alama ya vema.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeingiza wanachama wengi kama Mama Georgette. Huwaambia wenzake wa soko: "Ule papa anakatalaka, lakini anakuyaka. Bengine banakubali, na haubaone tena."

Kuhusu zahanati na maduka ya dawa, Papa Cyprien alikuwa mpole na asiyechoka. Palipokuwa na karatasi yenye dawa tano kwa homa moja, aliomba kuona maboksi. Alipoonyeshwa maboksi, aliomba kumwona mgonjwa. Kituo kimoja, ambacho hapana haja ya kukitaja, kiliacha kuandika dawa za macho kwa watu wenye vidonda vya mguu baada ya yeye kukaa kwenye benchi lao siku mbili akiwasalimu kwa heshima wagonjwa wote waliopita.

Mwaka 2014 Mutuelle ilibadilisha njia. Badala ya kulipa kila dawa na kila sindano, ilianza kukipa kila kituo kiasi kimoja kwa kila familia, kila miezi mitatu, iwe familia inaumwa au ni nzima. Uuzaji wa serumu ulikoma ndani ya mwezi mmoja, na kamati ikashangilia. Papa Cyprien hakushangilia. Katika muhtasari wa mkutano ule maneno yake yameandikwa kama alivyoyasema: "Jana vituo walitupatia dawa mingi juu ya faida. Kesho watatupatia kidogo juu ya faida ile ile. Tufungue macho." Alikuwa amesema kweli, na bado yeye mwenyewe akaanguka katika shimo alilolionyesha.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu, mwaka ule ule. Mama Nadia, mwanamke wa Maniema anayekaa Kapalata, karibu na kambi ya askari, alikuja na mtoto wake wa miaka sita. Kituo chao kilikuwa kimeandika kwamba ni malaria ndogo na atibiwe nyumbani. Mama hakuridhika, alitaka hospitali. Papa Cyprien alisoma karatasi, kisha akamtazama mtoto. Mtoto alikuwa amesimama mbele ya tangazo la chanjo lililobandikwa ukutani, akilisoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Papa Cyprien alifikiri kwamba mtoto anayesoma matangazo hana ugonjwa mkubwa. Mama Nadia akamwambia, "Huyu anasomaka hata na homa. Usimuangalie kule." Papa Cyprien alitabasamu, akasema hapana, akaandika jina.

Mtoto huyo ni mimi. Nitaendelea kusema "mtoto", kwa sababu mambo ya wiki ile nimeyapata kwa mama na kwa daftari, si kwa kumbukumbu yangu.

Jumamosi saa sita mchana baiskeli ilifika Kapalata. Mtoto alikuwa kwenye mkeka na hakugeuza kichwa. Papa Cyprien alimshusha ukope wa chini na kuona weupe kama wa kwanga, mkate wa muhogo, iliyofunguliwa majani sasa hivi. Pumzi zilikuwa za haraka mno. Hakuuliza swali hata moja kati ya yale matatu. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge cha mama, akapiga pedali hadi hospitalini, na Mama Nadia akamfuata nyuma kwa toleka, baiskeli ya abiria, akimhimiza dereva kwa maneno ambayo mama hajakubali niyaandike hapa. Mapokezi wakaomba bon, dharura au si dharura. Kitabu cha bon kilikuwa kimebaki ofisini, maana ziara zake nane za siku hiyo alizihesabu kuwa nyepesi. Basi alichana nusu ya chini ya ukurasa wa 61, akaandika bon juu yake, akasaini. Mtoto aliongezewa damu alasiri ile ile. Alikaa hospitalini siku kumi na mbili na akatoka na njaa kubwa.

Jumatatu Papa Cyprien alipeleka barua kwa kamati, akiomba aondolewe dirishani. Aliandika kwamba aliiamini karatasi na hakumwamini mama, na kwamba mtu wa namna hiyo ni hatari kukaa mlangoni. Kamati ikakutana. Jibu lilikuwa neno moja, na wote wanakumbuka jinsi Papa Désiré alivyofurahi kupata nafasi ya kulisema: te.

Lakini Papa Cyprien hakurudi kazini. Jumamosi iliyofuata Papa Désiré na wajumbe wawili walikwenda nyumbani kwake Mangobo. Walimkuta uani, sahani mbele yake haijaguswa. Papa Désiré alitoa daftari la shule alilonunua njiani, akafungua ukurasa wa kwanza na kuuliza: tangu lini? Umekula nini leo? Nani amekuona? Mke wa Papa Cyprien, Mama Marie-Jeanne, alicheka hadi akaingia ndani. Wakati huo huo Mama Nadia alifika kutoka hospitalini. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. "Sikukuya kukusamehe," alisema. "Ile nitaona na siku. Nimekuya kukuambia, ukiacha kazi, wataweka mutu asiye na velo ya kuzungukia wagonjwa. Alors, rudia."

Alirudi, na katika kosa lile yalitoka mambo matatu ambayo yanatulinda hadi leo. Mtoto chini ya miaka kumi akinyimwa bon hutembelewa kesho yake, si Jumamosi. Kituo kinachomchelewesha mgonjwa hujibu mbele ya wanachama wote mkutanoni. Na kwenye fomu ya dirisha namba mbili kuna mstari mpya, chini ya maneno ya kituo: "Mama anasema nini?" Kwa wagonjwa wakubwa mstari huo hujazwa na aliyelala naye nyumba moja. Papa Cyprien anasema huo ndio mstari anaousoma kwanza. Mama yangu, kwa faida ya wanaouliza, alimsamehe mwaka 2016, siku ya mvua, kwa sababu Papa Cyprien alifika kwetu akiwa ameloa mno.

Leo Mutuelle ina familia zaidi ya elfu moja na mia tisa, na tangu mwaka 2003 haijatokea mama kufika na kadi halali na kuambiwa sanduku ni tupu. Hilo peke yake lingetosha kwa sherehe ya Ijumaa. Lakini Papa Cyprien hakutaka kusikia habari za sherehe mwaka huu, kwa sababu daftari la ishirini na tatu lilikuwa na jina moja lisilo na alama.

Jina hilo ni la Mama Tania wa Lubunga, mwenye mimba yake ya kwanza. Mwisho wa Mei zahanati moja ya kulipia ilimwambia kwamba mtoto amelala kimshazari na lazima apasuliwe tarehe 5 Juni. Mume wake, Carlos, fundi wa injini kwenye boti za Isangi, alileta karatasi dirishani. Papa Cyprien aliwatuma kwanza kwa mkunga wa kituo, kisha kwa daktari wa hospitali. Wote wawili walisema jambo moja: mtoto bado ana nafasi ya kugeuka, asubiriwe, aangaliwe kila wiki. Kwa hiyo Papa Cyprien alisema hapana kwa tarehe 5 Juni. Carlos aliweka mikono yote miwili kwenye kidirisha na kusema, mbele ya watu, "Papa, bibi yangu akikufa, ku fête ya retraite yako nitakuya na musalaba. Haitakuwa kadoo." Alikuwa anaahidi kuja kwenye sherehe ya kustaafu na msalaba wa kaburi, si zawadi.

Hapo Papa Cyprien alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alijaza bon ya kupasuliwa, jina, kadi, hospitali, saini na muhuri, vyote isipokuwa tarehe. Akaikunja mara nne na kumpa Mama Tania mkononi. "Kama mutoto hajageuka, ao uchungu unakuya vibaya, usinitafute. Andika tarehe weye mwenyewe, uende." Papa Désiré alikuna kichwa, kwa maana kwa sheria mwanachama hawezi kujiandikia tarehe, lakini hakuizuia.

Jumamosi ya kwanza Papa Cyprien alivuka mto na baiskeli yake. Mtoto alikuwa bado kimshazari, na Carlos hakujibu salamu. Jumamosi ya pili, tarehe 14 Juni, mkunga aliweka mikono juu ya tumbo la Mama Tania, kisha akacheka. Kichwa kilikuwa chini. Ilikuwa habari njema, ila Papa Cyprien alisema kichwa kuwa chini si sawa na mtoto kuwa mikononi. Nyumbani suti yake ya sherehe ilitundikwa ukutani, haijajaribiwa. Mama Marie-Jeanne aliwaambia majirani, "Suti yake inangojea mimba ya bantu bengine." Jumamosi ya tatu alikwenda tena. Carlos alimpokea baiskeli.

Siku zile zile Papa Cyprien aliniita na kuniomba jambo. Alitaka mtu ayapitie madaftari yote ishirini na matatu kabla hajaondoka, atafute jina lolote lililobaki bila alama, yaani mtu yeyote aliyeambiwa hapana na asionekane tena. Alisema macho yake mwenyewe yangeweza kumdanganya kwa sababu yanapenda kupumzika, na kwamba mtu wa ukurasa wa 61 ana haki kuliko wengine ya kutafuta. Nilichukua siku nne. Baadhi ya kurasa zimeliwa na unyevu, zingine zina tope la Kabondo, na wino wa mwaka 2009 umefifia karibu wote, kwa hiyo nilizisoma uani kwenye jua. Wapo walioandikwa "amehamia Buta" na mwezi mmoja baadaye "ameandika barua, mzima". Wapo wazee ambao walifariki miaka mingi baadaye, kwa magonjwa mengine, wakiwa na alama zao. Jioni ya Jumamosi nilimpelekea jibu. Katika miaka ishirini na minne sikupata hapana iliyomzika mtu. Niliona nafasi moja tu tupu, nayo tulikuwa tunaijua.

Jumapili tarehe 22 Juni, Mama Tania alijifungua katika kituo cha Lubunga, bila kupasuliwa, mtoto wa kike wa kilo tatu na gramu mia moja.

Jumatatu asubuhi Carlos alivuka mto peke yake. Hakupita mlango wa nyuma, ingawa wafanyakazi walimwita. Alisimama kwenye foleni ya dirisha namba mbili, nyuma ya watu kumi na mmoja, kama kila mtu. Zamu yake ilipofika aliingiza mkono na kuweka karatasi iliyokunjwa mara nne. Haikuwa na tarehe. Pembeni ilikuwa na doa la mafuta ya mawese.

"Papa, bon yako. Hatukuitumia," alisema. Kisha akaongeza, "Na ule musalaba nimeuacha."

Papa Cyprien aliikunjua, akaitazama pande zote mbili. Mama aliyesimama nyuma ya Carlos aliwavumilia kwa muda, halafu akasema, "Fanyeni mbio kidogo. Na siye tuko hapa kwa kukataliwa."

Wafanyakazi wanasimulia kwamba Papa Cyprien alifungua daftari la ishirini na tatu na kuibandika ile bon kwa gundi pembeni ya jina la Mama Tania, mahali pa alama. Kisha alifunga kidirisha kwa dakika tano, jambo ambalo hajawahi kulifanya katikati ya kazi tangu Aprili 2001. Alikunywa kikombe cha maji na kukaa, mikono juu ya magoti. Alipokifungua tena alimwuliza yule mama tangu lini, na amekula nini leo. Nasikia alimpa bon. Jioni alijaribu suti, na imemkaa vizuri, ila mikono ni mirefu kidogo.

Kuanzia tarehe 30 tutamkuta Dada Émilie kwenye dirisha namba mbili. Ni muuguzi aliyefundishwa naye kwa miezi minane. Hajui kupanda baiskeli, lakini hilo limepata dawa: kamati imeamua kwamba ziara za Jumamosi si wema wa mtu mmoja tena bali ni kazi ya ofisi, na ofisi ndiyo itakayolipa toleka na mtumbwi. Uamuzi huo uliandikwa wiki iliyopita. Papa Cyprien aliusoma mara mbili, akauliza kama una muhuri, akaonyeshwa muhuri, na hapo wote waliona mabega yake yakishuka.

Papa Cyprien, kwa niaba ya familia elfu moja na mia tisa, na ya wale waliokutukana kwenye foleni kisha wakakupikia, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa bon ulizotupa. Tunakushukuru zaidi kwa zile ulizotunyima, kwa sababu hukutuacha peke yetu nazo. Mama Marie-Jeanne, asante kwa Jumamosi zako zote, tunakurudishia mume wako akiwa mzima. Mungu awape usingizi mrefu, afya ya kutosha na samaki wa Yanonge ambao sasa labda watamheshimu.

Ila wewe, Papa Cyprien, usiende mbali sana Jumamosi tarehe 5 Julai. Dada Émilie ameshaliandika jina lako juu kabisa katika daftari la ishirini na nne, kwa sababu uliomba kuendelea na kazi na tukasema hapana. Tutakuja Mangobo kukuangalia macho, na tutakuuliza umekula nini.

Patricia Mwamini, mwaka wa tano wa sekondari, kwa niaba ya kikundi cha kusoma